Tambi za Idd Mbamba Bay

Ramadhani ile ilipoanza, mke wangu alipanga vitu vyake vyote kwenye sanduku la bati, akalitia kufuli, akalisukuma hadi nyuma ya mlango wa sebuleni. Kila aliyeingia nyumbani kwetu Mbinga, mlango ulikwama kwenye sanduku kwanza ndipo akapita ubavu. Aliniambia bila kupandisha sauti kwamba baada ya Idd anarudi kwao Lindi, na kwamba nisihangaike kumfuata.

Mimi nilikuwa mmoja wa mabwana kahawa wa wilaya, kazi yetu kukagua miche ya wakulima. Kwetu ni Mkumbi, nimekulia kwenye ngoro, yale mashimo tunayolimia maharage, na baridi ya milimani siisikii hata kidogo. Yeye nilimpata Mtwara nilipopelekwa mafunzoni. Alikuwa anajifunza kupiga chapa. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, kwa hiyo tulioana bomani, na wazee wa pande zote mbili wakanuna kwa muda wao kisha wakachoka kununa. Nikamleta Mbinga. Serikali ilimpa kazi ya karani kwenye ofisi za wilaya, na siku hizo za mwanzo za ujamaa karani mpiga chapa alikuwa hakai bure, maana kila kikao cha kijiji kilizaa makaratasi.

Sasa msidhani nilimtesa. Sikumpiga, sikumnyima, na mama yangu kule Mkumbi alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Tatizo lilikuwa sahani.

Kwao Lindi, Idd ni sahani. Kila nyumba inapika tangu alfajiri, inafunika vyakula kwa kawa, na watoto wanapishana njiani kupeleka huku na kuleta kule. Sahani ikienda kwa jirani inarudi na kitu juu yake, hata kama ni andazi moja. Kuirudisha tupu ni aibu. Idd yake ya kwanza Mbinga mimi nilikuwa safarini kukagua miche, majirani zetu wote walikuwa shambani wanapalilia, na msikiti wetu mdogo ulikuwa na wafanyabiashara wachache waliowaacha wake zao makwao. Alipika, akapanga sahani mezani, akakaa anazitazama. Hakujua ampelekee nani. Jioni alikula kidogo, kingine akakimwaga. Niliporudi aliniuliza swali moja tu: "Idd gani isiyo na mtu wa kumpelekea sahani?" Nikauliza kama kuna maji ya kuoga.

Mwaka uliofuata likaja sanduku.

Nilikuwa na likizo, nikaomba anisikilize. Nikamwambia nitampeleka ziwani, Mbamba Bay, tumalizie Ramadhani huko na tule Idd huko. Kuna joto, kuna samaki, kuna maji mpaka macho yanachoka. "Na tukirudi," nikasema, "kama bado unataka kwenda, nitalibeba mwenyewe hilo sanduku mpaka kwenye basi la Songea."

"Kichwani?"

"Kichwani."

"Mbele za watu wa ofisini?"

"Mbele za watu wote."

Akakubali. Mpaka leo naamini alichokubali ni kuniona na sanduku kichwani, siyo ziwa.

Jambo moja niliseme mapema. Sweta yake nene, niliyomnunulia Songea, ilikuwa chini kabisa ya sanduku lile. Mvua zilikuwa zimeanza, na Mbinga mvua ikianza baridi inaingia mpaka kwenye godoro. Alikuwa anajifunga khanga mabegani, moja juu ya nyingine, meno yanagongana, lakini kufuli hafungui. Ndivyo alivyo. Nikimwambia avae sweta, ananiambia sweta imeshasafiri.

Tulishuka na lori la ushirika lililokuwa linakwenda kuchukua dagaa. Mteremko ule wa kwenda ziwani wenyeji wanaujua. Mvua ilitukamata katikati, dereva akawa anateremka kwa kuomba Mungu na gia namba moja, na utingo akitembea mbele miguu peku kupima matope. Mke wangu alikuwa kiti cha mbele, dirisha halina kioo, ana saumu. Mimi nilikuwa nyuma chini ya turubai, nimelikumbatia kapu. Ndani ya kapu, chini ya nguo zangu, nilikuwa nimeficha nazi moja. Nilimwagiza rafiki yangu Songea aninunulie kutoka kwenye malori ya pwani, na sikumwambia mke wangu. Nilitaka kumshtua siku ya Idd. Maskini, hayo ndiyo yalikuwa maandalizi yangu yote.

Tulifikia kwenye resti hausi ya serikali, nyumba ndefu yenye baraza linalotazama maji. Aliyeitunza alikuwa mama mmoja wa Kinyasa, mtu mzima, Mwanglikana wa kuamkia kanisani. Mke wangu alimwamkia, "Shikamoo mama," na yule mama akaitikia, "Marahaba mwanangu, mbona umelowa hivyo, hawa wanaume wanakuchukulia kama mzigo?" Nikajua hapo nimeshapata hakimu wa pili.

Kwenye chumba cha mwisho alikuwamo Mwitaliano, fundi wa mitambo ya barabara. Alikuwa amekuja kutengeneza greda, mvua ikaziba njia, na kipuri alichokingojea kikakwama huko milimani. Mtu mnene, mwenye masharubu, anayeongea kwa mikono yote miwili. Kiswahili chake alikiokota karakana, kwa hiyo alikuwa anaamuru tu. "Kaa! Kula! Shika kikombe!" Mara ya kwanza nilitaka kukasirika, mimi mtumishi wa serikali huru naamrishwa kukaa. Kisha nikaona anachoniamrisha kushika ni kikombe cha divai, nikashika.

Ilikuwa divai nyekundu ya Dodoma. Alikuwa na makreti yake nyuma ya kitanda, na alisema ni rahisi kuliko bia, jambo ambalo baadaye nililihakiki na ni kweli. Mimi divai niliijua altareni tu, tena ya padri. Ile ya Mwitaliano ilikuwa kali kidogo, inakwaruza ulimi, halafu ikishuka inatulia na kupasha kifua. Tulikunywa kwa vikombe vya bati. Yeye alionja, akafumba macho, akasema babu yake kule kwao alikuwa akitengeneza divai mbaya kuliko ile na kijiji kizima kinaisifu. Halafu akacheka mwenyewe.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Mvua ilikuwa ya kumwaga, ziwa limegeuka rangi ya majivu, mtumbwi hata mmoja hauonekani, na mimi nimeweka miguu juu ya ukuta wa baraza, kikombe mkononi, sina mche wa kahawa wa kukagua. Jioni Mwitaliano alikuwa anapika. Alikuwa na kasha la vitu vyake: tambi ndefu kwenye pakiti za karatasi, mafuta ya zeituni kwenye debe dogo, vitunguu saumu, na kipande cha jibini kigumu alichokikwaruza juu ya chakula kwa chuma chenye matundu. Nyanya na vitunguu alinunua kwa wenyeji. Nilikula tambi zake mara ya kwanza kwa shida, zikinining'inia kidevuni, akanifundisha kuzizungushia kwenye uma. Loo! Nyanya zile na saumu na jibini, na divai juu yake! Nilikula mpaka nikalegeza mkanda.

Mke wangu alikuwa anafuturu na yule mama jikoni: uji, muhogo, na samaki wa mbasa wa kuchoma. Nilimwonea haya, nikamuuliza kama anachukia mimi kunywa. Akasema, "Mdomo ni wako, na kaburi ni lako." Kisha akaongeza, "Lakini usinipumulie." Nikawa nazungumza naye nimegeukia dirishani.

Siku zikaenda hivyo, mvua asubuhi, mvua jioni. Alikuwa anakaa barazani anatazama maji. Ziwa lenyewe alilipenda, niliona. Alisema kama si kukosa chumvi angedhani yuko kwao. Lakini nikitaja kurudi Mbinga, anatazama pembeni.

Ikafika jioni ya kutazama mwezi, na mbingu zilikuwa zimezibwa kabisa. Hakuna mwezi, hakuna hata mahali pa kudhani mwezi upo. Kule bandarini kulikuwa na Mwislamu mmoja mwenye duka, naye hajui. Redio yake betri zimekufa. Mke wangu akaanza kuzunguka baraza. Kama kesho ni Idd, kufunga ni haramu. Kama siyo Idd, kufungua ni dhambi. Nami nilikuwa nimemwahidi Idd, na sasa sijui hata ni lini.

Mwitaliano alikuwa na transista. Ikawashwa, na kwa sababu ya mvua tukapata sauti za ng'ambo tu, za upande wa Malawi, muziki na mazungumzo ambayo mama wa resti hausi pekee ndiye aliyeyaelewa. Mwitaliano akafunga waya kwenye redio, akanipa ncha ya pili, akaamuru, "Panda!" Nikaburuta kiti mpaka kwenye nguzo ya bendera, nikapanda juu yake, nikaunyoosha ule waya kwa mkono mmoja na mwingine nimeshika nguzo. Nikiinua mkono, mtangazaji wa kwetu anasikika. Nikiushusha, wanaingia wa Malawi na magitaa yao.

Basi nikasimama pale. Mvua inaniingia kwenye kola na kutokea kwenye suruali. Mkatoliki mzima, mbatizwa, nimening'inia kwenye nguzo ya bendera ya serikali nikiutafuta mwezi wa Waislamu. Mkono ulikufa ganzi. Kila nikitaka kuushusha, sauti tatu zinanipigia kelele kutoka barazani kwa wakati mmoja: "Juu! Juu!" Mke wangu alikuwa amepiga magoti, sikio limebanwa kwenye redio. Taarifa ya bei za pamba. Taarifa ya mkutano. Salamu. Nikasema moyoni, kama huyu mtangazaji ana mke, Mungu ampe mke kama wangu.

Kisha nikamwona anaruka. "Umeandama! Mwezi umeandama!"

Nilishuka nikaanguka na kiti kwenye matope. Akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na sikuwa nimesikia kicheko chake tangu sanduku lilipofungwa. Akaja mwenyewe kwenye mvua, akanikausha kichwa kwa khanga, akanisugua kwa nguvu. Nikajua mambo yamekaa sawa, nikamtazama kwa matumaini.

"Usijidanganye," akasema. "Sanduku liko palepale."

Asubuhi ya Idd aliamka mapema, akaoga, akavaa gauni jipya, akajifunga khanga mpya, akasali chumbani. Alitoka ananukia udi, sijui aliufukizia wapi. Nikampa mkono wa Idd. Yule mama naye akampa mkono, na Mwitaliano, aliposikia ni sikukuu, akapiga makofi. Akasema leo anampikia Mama, yaani mke wangu. Mpishi ni yeye, hataki kuulizwa.

Mimi nilijiona mjanja siku ile. Nilikwenda bandarini mwenyewe, nikanunua paja la mbuzi, nikahakikisha ni yule Mwislamu mwenye duka aliyemchinja. Nilimuuliza mara mbili mpaka akakasirika. Nikarudi nalo na mvua yangu kichwani, nikamkabidhi Mwitaliano, nikakaa jikoni kumenya saumu. Akalikata vipande, akalikaanga kwa mafuta yake, vitunguu vikageuka rangi, nyanya zikaingia, harufu ikajaa nyumba nzima. Mke wangu akaja mlangoni kuangalia. Alikuwa amenusa, na uso wake ulikuwa umelainika.

Pale pale Mwitaliano akang'oa kizibo kwa meno, akamimina divai kwenye sufuria, nusu chupa, gulu gulu gulu.

"Ngoja!" nikapiga kelele.

Akadhani naionea divai uchungu. "Iko nyingine!" akasema, amefurahi, akaongeza.

Nilihakikisha mchinjaji, nikasahau mpishi. Wakati nageuka, mlango ulikuwa mtupu. Mama wa resti hausi akamweleza Mwitaliano kwa maneno machache, na yule bwana akakaa chini kwenye kiroba cha mkaa, ameshika masharubu. Alisema neno la kwao mara nyingi. Nilimwonea huruma lakini sikuwa na nafasi ya huruma mbili.

Nilimkuta mke wangu chumbani anakunja khanga. Alikuwa anakunja ile moja tu, anaikunjua, anaikunja tena. Nikaanza kusema pole.

"Usiniambie pole," akasema. "Yeye hakukosea, hakujua. Wewe hukukosea, ulikwenda mpaka kwa mchinjaji. Mama yako hakosei, majirani hawakosei. Hakuna mtu aliyenikosea tangu nimefika huku, nikasirike na nani? Lakini kila siku mimi ndiye wa kuambiwa pole. Pole kwa baridi, pole kwa ugeni, pole hatukujua. Kwetu, siku kama ya leo, mimi ndiye ninayelisha watu. Siyo mgonjwa wa kuletewa."

Alikuwa analia sasa, analia kwa hasira. Nilimpenda mwanamke yule na nilikuwa naona kabisa anavyoondoka. Nikavuta kapu chini ya kitanda, nikatoa nguo zangu, nikampa nazi.

Akaitazama. "Umeitoa wapi?"

"Songea."

"Na umekaa nayo siku zote hizi? Ramadhani nzima mimi nafuturu uji mkavu, wewe umeifunika na suruali?"

"Nilitaka kukushtua."

Akafuta macho kwa kiganja. Akaiweka nazi sikioni, akaitikisa, akasikiliza. "Bado ina maji," akasema. Kisha akasimama. "Huyo fundi wako, tambi zake zimebaki?"

Jikoni alimtoa Mwitaliano kwenye kiroba kwa jicho tu. Akaomba tambi, naye kwa majuto aliyokuwa nayo akamletea pakiti mbili, zile za mwisho alizokuwa amezitunza. Mke wangu akafungua moja, akashika fungu la tambi zile ndefu, akalivunja. Kacha! Akalivunja tena. Mwitaliano alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu mzima.

"Hapana, Mama! Hapana vunja!"

"Kaa," akamwambia. Ilikuwa amri yake mwenyewe, akakaa.

Kwao Lindi tambi ni chakula cha sukari. Zinavunjwa, zinakaangwa mpaka ziwe rangi ya kahawia, zinapikwa kwa tui na sukari na iliki. Ndivyo alivyopika mama yake na bibi yake, na haikumpitia kichwani kwamba kuna watu duniani wanaozila na nyanya; chakula changu cha jioni hakujali hata kukitazama. Iliki alikuwa nayo kwenye mkoba, huyo hatembei bila iliki. Sukari ilitoka kwa mama wa resti hausi. Kilichokosekana ni mbuzi ya kukunia nazi, kitu ambacho Mbamba Bay nzima hakikuwepo. Akatazama huku na huku, akaona kile chuma cha matundu cha kukwaruzia jibini. Akakiosha mara tatu, akakuna nazi yote juu yake, na vidole vyake viwili vikachubuka. Mwitaliano alitazama jibini lake, akatazama nazi, akajifunika uso kwa mikono.

Ilipoiva, harufu ya iliki ilishinda ile ya divai. Mke wangu akaomba sahani. Resti hausi ilikuwa na sahani za bati, nyeupe zenye mstari wa buluu, mali ya serikali. Akazipanga mezani kama nilivyokuja kuambiwa alivyozipanga Mbinga, akapakua, akafunika kila moja kwa nyingine. Kisha akasimama, mikono kiunoni. Niliona ile hofu inamrudia usoni, na mimi nikaacha kuramba mwiko.

"Mama," akamwambia yule mtunzaji, "hapa jirani wanakaa nani?"

"Jirani?" yule mama akashangaa. "Si wote?"

Akaanza kumtajia. Karani wa bandari, mtu wa Bukoba, mkewe mjamzito. Mhudumu wa zahanati, kutoka Singida, peke yake. Mwalimu mkuu na wanawe. Mwenye duka. Nyumba ya mvuvi nyuma ya kanisa. Wote wamefungiwa ndani na mvua, hakuna aliyekwenda ziwani wala shambani. Mke wangu akajitanda khanga kichwani, mama akatwaa mwavuli wa resti hausi, nami nikabebeshwa sahani. Tuliingia nyumba moja baada ya nyingine, tumelowa chapachapa. Kila mlango mke wangu alisema maneno yaleyale: "Leo sikukuu yetu, nimewaletea tambi." Watu walifunua, wakanusa, wakauliza ni kitu gani. Mwalimu mkuu alidhani ni minyoo ya kienyeji fulani ya pwani, akala kwa ushujaa, akaomba ya mkewe.

Sahani ya mwisho ilikuwa ya yule mama mwenyewe. Aliishika, akaifunika vizuri, hakuila. Alisema mama yake mzazi yuko upande wa Kihagara, bibi kizee asiye na meno, na hiki ndicho chakula cha mtu asiye na meno. Mvua ilipopungua mchana akampa mtu wa mtumbwi aipeleke.

Mwitaliano tulimpa bakuli. Alichukua kijiko kama anayekwenda kunywa dawa. Akala. Akala tena. Akasema hii si tambi, hii ni dhambi, lakini apewe nyingine. Halafu akainuka akaosha sufuria kwa mchanga na maji moto, akatuonyesha kwamba ni safi, akapika pakiti ya pili kwa nyanya na saumu na minofu ya mbasa, divai ameiweka mbali kabisa, chini ya meza, ameikanyagia mguu. Mke wangu alizungusha uma mara moja tu akaweza, mimi niliyehangaika siku zote zile. "Kumbe na hizi zinalika," akasema. Nyama ya mbuzi tuliimaliza mimi na Mwitaliano, na divai yake, mvua inapiga bati, na sijapata kula chakula cha mchana kama kile.

Alasiri sahani zikaanza kurudi.

Ya kwanza ilirudi na ndizi mbivu, kutoka kwa karani wa bandari. Ya mhudumu wa zahanati ilikuwa na mayai. Ya mvuvi ilikuja na dagaa wabichi wamerundikwa mpaka wanamwagika. Hakuna aliyewafundisha, mtu akiletewa chakula na jirani anafanya hivyo, Lindi ama Mbamba Bay. Mke wangu alikuwa anapokea mlangoni, anasema asante, anaziosha na kuzipanga. Kila akizigeuza alikuwa anazihesabu kwa macho. Moja ilikosekana, ile ya Kihagara.

Haikurudi siku ile wala iliyofuata. Kisha jua likatoka, njia ikakauka kiasi, na lori la ushirika likaja kupakia. Dereva alikuwa anapiga honi hana subira. Mwitaliano alitupa chupa moja ya divai na kile chuma cha kukwaruzia jibini, alisema hakiwezi tena kuguswa na jibini baada ya yaliyokipata. Mama wa resti hausi alikuwa amefadhaika kwa ajili ya sahani.

"Mwanangu, hata kama ni mali ya serikali, nitaituma Mbinga. Mama yangu hawezi kuirudisha tupu, anangoja mpunga wake ukauke juani. Nitampa dereva."

"Usiitume, mama," mke wangu akamwambia. "Nitakuja kuifuata mwenyewe."

Wakakumbatiana. Safari hii tulikaa wote nyuma, juu ya magunia ya dagaa, turubai limekunjwa. Tukaanza kupanda mlima. Mimi nilikuwa napiga hesabu za sanduku, uzito wake, na umbali wa kutoka nyumbani kwetu mpaka kituo cha basi, kupitia mbele ya ofisi zote za wilaya. Nilijaribu kujizuia nikashindwa.

"Sahani utaifuataje?" nikamuuliza. "Lindi ni mbali."

Alinitazama kama anavyomtazama mjinga ofisini.

"Wewe bwana, hivi kuna mtu anatoka Lindi kufuata sahani ya bati?"

Tulifika Mbinga magharibi, ukungu umeshuka, baridi kali. Mlango ukakwama kwenye sanduku kama kawaida, tukapita ubavu. Nikawasha taa. Alikuwa anatetemeka, akatafuta ufunguo kwenye mkoba, akapiga magoti, akafungua kufuli. Alikuwa anataka sweta tu, alisema. Sweta ilikuwa chini kabisa, kwa hiyo ilibidi atoe vyote.